Mpaka Kaseti Isimame Yenyewe

Honorine hajui kukaa. Tangu utotoni kwao Kasenga, mama yake alikuwa akimwambia kwamba Mungu alipomuumba alisahau kumtilia makalio, na hadi leo, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye wajukuu wawili, anakula amesimama, anaongea na simu huku akifagia, na ibada ikirefuka utamwona ameshatoka nje mara tatu kwa kisingizio cha kwenda kutazama kama viatu vyake havijaibwa. Alifundisha shule ya msingi, akaacha. Akashona nguo, akaacha. Akauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Mulongwe, akahamia vitenge, akaviacha navyo. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiacha, nacho ni kwaya.

Mtu wa namna hiyo ungedhani ndiye wa mwisho kupewa kazi ya kukaa kitako. Lakini maktaba ya mtaa, hapa Uvira, ilipoanza kukusanya kaseti za zamani na kuziweka kwenye mtandao, Rémy, msimamizi wake, hakutafuta mbali. Alihitaji mtu anayezijua nyimbo za pwani hii yote ya ziwa na anayewajua wenye nyimbo, na mtu huyo alikuwa akipita mbele ya mlango wake mara sita kwa siku. Akampa meza, mashine ya kaseti iliyounganishwa na kompyuta, visikilizio vyenye waya mrefu, na sharti moja ambalo nusura limfukuze siku ya kwanza. Kaseti ikishaanza kucheza, haikatwi. Unaisikiliza yote, pamoja na kikohozi, kuku, mvua na ukimya, mpaka isimame yenyewe, na kila unachokisikia unakiandika kwenye fishi, karatasi ya maelezo ya kila kaseti.

“Hata wimbo ikiisha?” aliuliza Honorine.

“Hata ikiisha,” alijibu Rémy.

Aliliona sharti hilo kuwa adhabu, na alisema hivyo waziwazi. Dakika arobaini na tano za upande mmoja alizimaliza amesimama, akipangusa rafu za vitabu hadi mwisho wa waya, akirudi, akiandika maneno mawili, akienda tena. Hata hivyo alilishika. Kulikuwa na kaseti moja iliyoteremshwa kutoka Bijombo, ya mzee aliyeitwa Kayumba, akiwasifu ng'ombe wake kwa majina yao. Masifu yalipoisha mkanda uliendelea, na dakika kumi baadaye mzee alisikika akimwita ng'ombe mmoja, Bihogo, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Binti yake Uwituze, ambaye sasa anakaa Uvira na hana hata ndama, alikuja maktaba akasikiliza kile kipande mara nne, akaomba kitumwe kwenye simu yake. Masifu yenyewe hakuyaomba. Tangu siku hiyo Honorine aliendelea kulalamika, ila kwa sauti ya chini.

Sasa lazima niseme jambo lililo kubwa kuliko makalio yake. Mjini hapa Honorine hasalimiwi kwa jina. Akipita, mwuza mihogo anaimba, “Nihesabu,” naye anajibu, “na mimi,” bila kusimama. Walinzi wa kituo cha afya wanafanya hivyo, wanafunzi wanafanya hivyo, hata Waislamu wa mtaa wa pili wanafanya hivyo. Ni wimbo wa kwaya yao, uliorekodiwa mwaka tisini na tatu, na sauti inayouongoza ni yake. Watu wamezikwa nao na kuozwa nao. *Ukiwahesabu walio wako, nihesabu na mimi.* Ni maneno mepesi, lakini waulize waliokimbia mji huu na kurudi na kukimbia tena, watakuambia walivyokuwa wakiyaimba njiani. Na mjini kila mtu anajua kwamba wimbo ule ni wa Honorine, kwamba aliutunga akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Karatasi ya sherehe ya miaka ishirini na mitano ya kwaya iliandika hivyo kwa herufi nene. Yeye hakuwahi kusema kwamba ameutunga. Wala hakuwahi kusema kwamba hakuutunga, na miaka thelathini ya kutosema huwa inamchosha mtu miguu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, prezida wa kwaya, Jean-Marie, aliingia maktaba na mfuko wa plastiki kifuani. Ni mzee mnene, mpole wa maneno, mgumu wa maamuzi. Ndani ya mfuko mlikuwa na kaseti mama, ile ya kwanza ambayo nakala zote za mji zilitolewa kwayo. Wakati wa mafuriko ya mwaka elfu mbili na ishirini alitoka nayo nyumbani kichwani, akaacha godoro. Pamoja nayo alileta barua ya ruhusa ya komite: nyimbo kumi, ziwekwe kwenye mtandao kabla ya jubile ya kwaya, mwezi wa sita.

“Tunapenda batoto benye kuwa Kanada na Australia basikie,” alisema. “Na jina yako iandikwe muzuri, Mama Honorine. Mutunzi.”

“Tutaona, Baba Prezida,” alijibu Honorine, na tayari alikuwa ameshainuka kwenda kufungua dirisha lililokuwa wazi.

Fishi ya maktaba ina mistari minane, na wa tatu unauliza mtunzi. Kwa kaseti za watu wengine alikuwa ameujaza mara mia mbili bila kupepesa macho. Hii aliiweka kwenye mashine akajiambia kwamba mstari ule ataujaza baadaye. Upande wa kwanza ulipita vizuri. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo nne, na wa mwisho ulikuwa ule wake. Alijisikiliza akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi, na kwa mara ya kwanza alisikia kitu ambacho mji mzima ulikipenda bila kukijua. Alikuwa anakimbia. Msichana yule wa miaka kumi na tisa anaimba kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe, hapumziki mwisho wa ubeti, na kwaya nyuma yake inahema ili imfikie. Wimbo ukaisha. Kitufe kikasikika kikiachiwa. Honorine akashika visikilizio avivue, akakumbuka sharti, akavirudisha huku akiguna.

Na sauti nyingine ikatoka, imekatwa katikati ya neno.

*...tari. Geuka, tazama mlangoni, niko nimesimama. Nihesabu na mimi.*

Ilikuwa polepole, bila haraka hata kidogo. Sauti nzito ya mwanamke aliyekuwa na muda wote duniani, na kwaya ileile ikimfuata kama wanaotembea jioni baada ya kazi. Sekunde hamsini na moja. Kisha mlio wa mkanda mtupu mpaka mashine ikajizima.

Kitambaa kilikuwa sakafuni. Honorine alikuwa amekaa.

Sauti ile ilikuwa ya Consolate. Yeye ndiye aliyeutunga wimbo, akiwa mwongoza nyimbo wa kwanza wa kwaya, mkubwa kwa Honorine kwa miaka mitano, na ndiye aliyemfundisha Honorine kuimba kwa kumshika tumbo ili aone pumzi inakotoka. Waliurekodi naye Jumamosi moja kanisani, redio-kaseti juu ya kiti, kipaza sauti kimefungwa kwa kipande cha kitenge kwenye boriti. Wiki ya tatu, kabla nakala hazijatolewa, Consolate alikubali posa ya Mkatoliki wa Makobola. Wazee wakamtenga. Aliyetengwa haimbi, anaketi benchi la mwisho, na komite ikaona kwamba hata sauti yake haifai kutembea na jina la kanisa. Kaseti nyingine ya kurekodia haikuwapo. Basi wakairudisha ileile nyuma hadi mwanzo wa wimbo wa mwisho, wakamsimamisha Honorine mahali pa yaya yake, kama tunavyomwita dada mkubwa, na Jean-Marie, aliyekuwa mpiga gitaa wakati huo, akabonyeza kitufe. Sauti mpya ikaifuta ya zamani, neno kwa neno. Ila Honorine aliona aibu na alitaka kumaliza atoke nje. Alimaliza mapema mno, na Jean-Marie akaachia kitufe hapohapo ili asipoteze mkanda. Kile ambacho mwimbaji mwenye haraka hakukifikia, kikabaki. Waliotoa nakala nao walisimamisha mashine waliposikia kitufe. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuendelea.

Siku iliyofuata Honorine alizunguka mji wote. Alikwenda Kavimvira bila kuwa na shughuli yoyote huko, akarudi, akashuka hadi Kalundu bandarini, akatazama mashua zikipakuliwa mafuta ya mawese, akapanda tena. Kila alikopita walimwimbia, naye alijibu. Aliona njia mbili, na zote zilimchukiza. Angeweza kukata pale penye kitufe, kama walivyokata wote, akaandika jina lake kwenye mstari wa tatu, na mpaka afe ataitwa Honorine wa Nihesabu. Au angeweka yote, na kufikia jubile mji mzima ungejua kwamba kitu kimoja alichokuwa nacho maishani, kile pekee ambacho hakukiacha, kilikuwa cha mtu mwingine. Hakuwa mtu wa mali wala wa vyeo. Ukimtoa wimbo ule, alijiuliza, anabaki nani? Mama mmoja anayetembea sana.

Alimwita Jean-Marie aje asikilize. Mzee alisikiliza amefumba macho. Ilipofika ile sauti, aliyafumbua.

“Kata pale kwenye kitufe inalia,” alisema.

“Hapa hatukatake, Baba Prezida.”

“Komite iliandika nyimbo kumi. Hiyo haiko wimbo, iko mabaki.” Alivua visikilizio akaviweka mezani taratibu. “Na weye ndiyo utapata haya mbele ya sisi bote. Minye nakuchunga tu.”

Mzee alikuwa amemgusa Honorine palepale panapouma. Rémy ndiye aliyejibu, kutoka kwenye kompyuta yake, bila hata kugeuka.

“Papa Jean-Marie, mulimutoa Mama Consolate kwa kwaya, ao hamukumutoa?”

“Tulimutenga. Kwa sheria.”

“Basi sauti yake haiko yenu. Ruhusa mulitupatia ni ya kwaya. Yake tutaiomba yeye mwenyewe. Akikatala, inabaki hapa ndani ya kabati, haitoke. Akikubali, itatoka na jina lake.”

“Na fishi?” aliuliza Honorine.

“Minye sikukuwaka mule kanisani, Mama. Fishi inauliza weye.” Akaongeza kwamba koneksio nzuri ya mtandao ni ya Ijumaa asubuhi, na kwamba Ijumaa atatuma kile atakachokikuta.

Jumatano Honorine alipanda pikipiki hadi Makobola, ziwa likiwa upande wa kushoto na milima upande wa kulia, akimhimiza motari aongeze mwendo na kila baada ya kijiji akitamani kumwambia ageuze. Hakuwa amemwona Consolate kwa miaka kumi na minane. Alimkuta uani, mjane sasa, amekaa kwenye mkeka na ungo wa maharagwe, kitambaa kimezungushwa shingoni. Chini ya kitambaa kulikuwa na kovu. Walimfanyia upasuaji wa tezi, miaka tisa iliyopita, na alipofungua kinywa kumkaribisha, ilitoka sauti kama ya mlango mkavu.

“Karibu, Honorine. Ikala.”

“Yaya, sitakawia.”

“Najua. Ikala tu.” Akautazama mguu wa mgeni uliokuwa ukicheza peke yake, akamsogezea ungo. “Shika. Chagua mawe, mikono yako ipate kazi.”

Honorine akachagua mawe. Alitaka kuanza na habari za watoto, kama watu wenye adabu, lakini maneno yalitoka kwa kukimbia kama yalivyotoka mwaka ule. Alisema habari ya maktaba, ya mtandao, ya kaseti mama. Alisema habari ya karatasi ya sherehe na herufi nene. Alisema kwamba hakuna aliyemlazimisha kunyamaza, kwamba kupendwa na mji kulikuwa kutamu na aliona vibaya kurudisha utamu huo. Kisha akatoa simu, akabonyeza, akaiweka katikati ya maharagwe.

Consolate aliusikiliza wimbo wa Honorine wote, kichwa kimeinama. Kitufe kikalia. Hakushtuka. Aliinua kidole kimoja kumzuia mgeni asiguse simu, na sauti yake mwenyewe ilipotoka, aliifuata kwa midomo, bila mlio, mpaka neno la mwisho. Mjukuu aliyekuwa akiosha vyombo alisimama na sufuria mkononi.

“Ni nani ule, Tate?” aliuliza.

“Ni minye,” alisema Consolate.

Mtoto alimtazama bibi yake kwa namna ya mtu anayesubiri kuambiwa ukweli. Wajukuu sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia sauti ile.

“Nilikuwaka inje, ile siku,” Consolate alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. “Kwenye dirisha. Walinikataza kuingia, hawakunikataza ukuta. Nilikusikia unakimbia, nikasema, huyu mutoto atafika mbele yangu. Kisha nikasikia Jean-Marie anaachia kitufe. Nikahesabu kwa kichwa. Nikajua kipande yangu imebakia mule.”

Honorine aliacha maharagwe. “Ulijua? Miaka yote?”

“Miaka makumi tatu nangoja muntu mumoja aache kaseti iendelee.” Alitabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa laini. “Sikuwaza atakuwa weye. Weye hauwezake kungoja hata chai ipoe.”

Honorine alilia hapo, amekaa, ungo mapajani. Consolate hakumbembeleza. Alimwambia kwamba ilimuuma, na kwamba iliendelea kumuuma kila alipousikia redioni akiwa jikoni kwake, na kwamba mume wake marehemu alikuwa akiizima redio bila kuulizwa. Aliyasema yote bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni mipaka ya shamba. Kisha akachukua ungo wake.

“Niandike nini, Yaya?”

“Andika vile iko. Na yako usiitoe. Basikie vile ulikimbia, basikie vile nilibakia.”

Karatasi ya ruhusa aliitia sahihi yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za mwalimu wa shule ya Jumapili. Honorine alikaa Makobola mpaka maharagwe yakaiva, akayala, tena ameketi.

Ijumaa asubuhi fishi ilikuwa mezani kwa Rémy. Mtunzi: Consolate. Mwimbaji: Honorine, hadi dakika ya nne na sekunde tatu, baada ya hapo Consolate, ambaye alirekodiwa kwanza na kufutwa. Mahali pa maelezo, ambapo kwa kawaida huandikwa “kuku” au “mvua”, Honorine alikuwa ameandika: *Aliyeimba wa pili aliharakisha, ndiyo maana wa kwanza amebaki.* Rémy alisoma, akamwuliza kama ana hakika. Honorine akamwambia atume kabla hajabadili mawazo, na akatoka kwenda kuzunguka jengo.

Hayakuwa mepesi yaliyofuata, wala sitayapamba. Komite ilimwita. Jean-Marie, kwa upole uleule, alimsomea kwamba ameitoa siri ya kanisa nje, na kwamba kwa miezi mitatu hataimba. Jubile ikapita akiwa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali ambapo Consolate aliwahi kuketi. Wapo waliomwita mwizi mbele ya watoto wake. Shoga yake wa miaka mingi, Laurette, aliacha kupita kwake. Mwuza mihogo alinyamaza wiki nzima, na Honorine aligundua kwamba kupita sokoni bila kuimbiwa kulimuuma kuliko barua ya komite.

Lakini mtandao hauna benchi la mwisho. Watoto wa Kanada na Australia walisikiliza, kama Jean-Marie alivyotaka, na wakapiga simu nyumbani kuuliza. Mjukuu wa Makobola alikwenda na simu shuleni. Na salamu ilirudi sokoni, imebadilika kidogo. Mwuza mihogo hakuimba tena, aliuliza.

“Mama Honorine, na ule mwenye kuimba pa mwisho ni nani?”

Naye, ambaye kwa miaka thelathini alijibu akitembea, sasa inambidi asimame ili ajibu. Anasema jina, anasema Makobola, anasema ni yaya yangu, ndiye aliyeutunga. Siku nyingine anasimama mara kumi kati ya nyumbani na maktaba, anachelewa, na Rémy amezoea.

Juzi alipanda pikipiki tena kwenda Makobola, na kifurushi cha ndagala kwa Consolate. Motari, kijana wa watu asiyemjua, alikuwa na kispika kidogo kwenye usukani, na wimbo ukafika. Alikuwa ameutoa kwenye maktaba, pengine kwa mtu aliyeutoa kwa mtu. Msichana wa miaka kumi na tisa akakimbia hadi mwisho, kitufe kikalia, na dole gumba la motari likaenda kwenye simu.

“Imeisha, Mama,” alisema. “Niweke ingine, twende?”

“Bado,” alisema Honorine. “Acha iendelee.”